Mzee aliyeigeuza grafu yangu

Karatasi ilikuwa yangu. Niliichora mwenyewe kwenye kompyuta, nikaitoa kwa rangi kwenye steshenari iliyo karibu na stesheni ya reli, nikaipeleka Katonga, mwalo wetu mmoja wa wavuvi hapa Kigoma, ndani ya faili la plastiki isije ikaloa. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama kimya, kisha akaizungusha robo, ule upande wa kulia ukawa chini.

Nikanyoosha mkono. "Samahani mzee, inasomwa hivi."

Akaivuta kwake. "Binti, kina kinakwenda wapi? Kinakwenda kulia au kinakwenda chini?"

Nikakosa la kusema. Grafu ilikuwa ya joto la maji ya Ziwa Tanganyika. Kina nilikuwa nimekilaza kwenye mstari wa chini, kinaanza sifuri kushoto na kuongezeka kuelekea kulia, na nyuzi joto nimezipanga kwenye mstari wa kando zikipanda. Ndivyo nilivyofundishwa shule: unachokichagua wewe kilale, unachokipima kisimame. Alipoizungusha, uso wa ziwa ukaja juu ya karatasi, kina kikashuka, joto likawa linaongezeka kuelekea kulia. Wanaosomea maziwa dunia nzima huichora hivyo hivyo. Na mimi nilikuwa naijua kanuni hiyo, nimeiona vitabuni mara nyingi, ila niliiacha makusudi nikidhani itawachanganya watu wa mwaloni. Yeye hajawahi kufungua kitabu hata kimoja cha mambo hayo. Aliirekebisha kwa kuzungusha mkono.

Akafuata mstari kwa kidole kuanzia juu. Nyuzi 26 na kitu, mstari unashuka karibu wima, halafu unakata kona kuelekea kushoto. Kidole kikasimama konani. "Hapa ndipo kamba inapoanza kurudi na baridi."

Basi. Kona hiyo ndipo maji vuguvugu ya juu yanapokutana na maji baridi ya chini, na ndicho kitu nilichotumia nusu saa kuwaeleza wanafunzi wa chuo waliokuja kwa mafunzo ya vitendo. Mmoja wao, baada ya nusu saa hiyo, aliniuliza kwa nini ziwa linapoa kuelekea Kongo.

Tangu siku ile nimekuwa na swali moja kichwani, na blogu hii mnajua ndipo ninapoyatua ninayoshindwa kuyatua kazini: unajuaje kama mtu ameielewa picha ya takwimu?

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Mama anauza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi tangu sijazaliwa. Nilisomea takwimu, nikarudi nyumbani, na kazi yangu kwa sehemu kubwa ni kuingiza namba zilizokusanywa na watu wengine kwenye kompyuta na kuzichora. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye mradi mmoja, sitautaja, ulioitisha kikao cha wavuvi na wachuuzi ili kuwarudishia matokeo ya utafiti. Ukumbi ulikodiwa, projekta ikafungwa, soda zikaletwa kwa kreti. Slaidi zilikuwa nyingi kiasi kwamba saa sita mchana tulikuwa hatujafika nusu. Kila baada ya slaidi msemaji anauliza, "Tumeelewana?" na ukumbi mzima, "Ndiyooo." Kwenye ripoti ikaandikwa kwamba washiriki waliyaelewa matokeo. Sentensi hiyo niliiandika mimi.

Wakati wa chai mama mmoja alinivuta pembeni. "Mwanangu, pale penye wekundu ndipo mnapotaka tusivue?"

Wekundu ulikuwa joto la maji ya juu. Nyuzi 27. Haukuwa na uhusiano wowote na kuzuia mtu kuvua.

"Umeelewa?" kwa Kiswahili chetu si swali, ni sehemu ya salamu. Anapokuuliza mgeni mwenye kitambulisho shingoni, tena amekununulia soda, ukisema "hapana" umemvunjia heshima yeye na umejianika wewe. Kwa hiyo jibu lake halipimi chochote. Ukitaka kujua kama mtu anajua kuendesha mtumbwi humuulizi kama anajua, unampa kasia. Na kwenye grafu kasia ni kazi ndogo: nionyeshe usiku mmoja uliozidi mwingine, niambie namba ya pale, niambie kesho utafanya nini kwa sababu ya karatasi hii.

Wenzetu wamekuwa wakipima hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1984, William Cleveland na Robert McGill, wataalamu wa takwimu wa Marekani, waliwapa watu michoro wakawataka wakadirie: kipande hiki ni asilimia ngapi ya kile? Wakapanga ngazi. Jicho ni hodari kulinganisha ncha zilizosimama juu ya msingi mmoja, kama wanafunzi waliopangwa kwa kimo. Kwenye urefu usio na msingi mmoja linayumba kidogo, kwenye pembe zaidi, kwenye ukubwa wa eneo zaidi, na likifika kwenye ukoleo wa rangi linakisia tu. Mwaka 2010 Jeffrey Heer na Michael Bostock walilirudia jaribio hilo kwa watu waliolipwa kupitia intaneti, na ngazi ile kwa jumla ikasimama palepale.

Halafu upo mtihani kamili wa kupima usomaji wa michoro, ulitoka mwaka 2017, wenye aina 12 za michoro na maswali 53 ya kuchagua jibu. Ni kazi safi, siibezi. Lakini nilipousoma nilimfikiria mzee wa Katonga. Mojawapo ya michoro ni ramani ya ukosefu wa ajira katika majimbo ya Marekani, mwingine unahusu treni za chini ya ardhi za miji mikubwa. Mzee angepata sifuri, nami ningeandika kwamba hajui kusoma grafu, mtu aliyeigeuza yangu ikakaa sawa.

Kilichonipa ujasiri ni utafiti wa mwaka 2019 wa Evan Peck na wenzake. Waliwafuata watu wa kijijini Pennsylvania, sokoni kwa wakulima, hadi kwa mafundi wa ujenzi, wakazungumza na watu 42. Kila mmoja alipewa michoro 10 ya jambo moja, matumizi ya dawa za kulevya, aipange kuanzia unaomfaa hadi usiomfaa. Si wote waliopanga kwa uzuri au kwa wepesi wa kusoma. Wapo waliopanga kwa kugusa kwao: mchoro wenye mahali pao, au wenye jambo lililompata ndugu yao, ulipanda juu hata kama mtaalamu angeukosoa. Niliposoma hayo nikasema, mwalo wetu nao ni soko. Nisubiri nini?

Nikasubiri mbalamwezi. Asiyejua maisha ya huku, dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na sola. Taa inamvuta dagaa kama giza ni giza kweli. Mwezi ukiwa mpevu taa inakosa nguvu, wavuvi wengi wanabaki nchi kavu siku kadhaa, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanabishana mpira. Hizo ndizo siku ambazo mvuvi ana muda na binti mwenye makaratasi. Nilizitumia mbalamwezi mbili, Katonga na Kibirizi, watu hawafiki 30, na msinitafutie asilimia hapa kwa sababu sikufanya utafiti, nilikuwa naishi na swali langu.

Nilianza na mama yangu kwa kuwa hawezi kunificha. Anaandika kila kitu kwenye daftari kubwa la jalada gumu: ndoo alizonunua, bei, vibarua wa kuanika, ushuru, magunia, nauli ya mzigo. Nikachukua matumizi yake ya mwezi mmoja nikayachora mara mbili, kwa duara lenye vipande na kwa nguzo. Nikamuuliza kwenye duara: kipi kimekula zaidi, vibarua au nauli? Akaliinamisha karatasi, akaliinua, akasema vibarua. Akakosea, na ni hela yake mwenyewe. Kwenye nguzo alijibu sikumaliza kuuliza.

Nikawa tayari kulizika duara. Cleveland na McGill wameshinda, twende nyumbani. Nikamuuliza tu kwa kukamilisha, "Mama, wewe ungependa nikutengenezee ipi?"

"Hii ya chapati."

"Lakini umekosea kuisoma."

"Nimekosea kipande. Lakini hii inanionyesha chapati ni moja. Wakimega wao, mimi nabaki na hiki." Akagusa kipande chembamba cha faida. "Kwenye hivyo vijiti vyako kila mtu amesimama na lake, huoni kwamba wanakula kwangu."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko makala zote nilizosoma. William Playfair, Mskochi aliyechapisha grafu za mistari na nguzo mwaka 1786, ndiye aliyeleta duara la vipande mwaka 1801, na tangu hapo wataalamu wengi wamelitukana. Wana haki kama swali ni "kipi kinazidi kipi kwa kiasi gani." Mama alikuwa anajibu swali jingine, la fungu moja na wanaolimega. Kosa langu lilikuwa kuuliza swali moja na kudhani nimepima mchoro wote.

Kuhusu ramani ya rangi nina mengi, kwa sababu ndiyo iliyonitia aibu ukumbini.

Ilikuwa ramani ya ziwa zima, kutoka Burundi hadi Zambia, kilomita zaidi ya 650, imepakwa rangi za upinde wa mvua: bluu kwa maji ya baridi, kijani, njano, hadi nyekundu kwa ya moto. Programu nyingi zilikuwa zinatoa rangi hizo bila hata kuombwa. Nikaitoa tena, nikaipeleka Kibirizi, safari hii sikueleza chochote. Niliwauliza tu, mnaona nini?

Bluu: maji marefu. Karibu kila mtu. Na wana haki, bluu ya ziwa letu ukisimama kilimani ni kina, tena kina chenyewe kinafika mita 1,470, hakuna ziwa Afrika linalolifikia. Kijani: karibu na ufukwe, penye majani. Nyekundu: hatari, au hifadhi, au mpaka wa doria. Njano ndiyo iliyonichekesha na kuniumiza. Kijana mmoja fundi wa injini aliniambia njano ni njia, "kama barabara ya meli." Kulikuwa kweli na ukanda mwembamba wa njano katikati ya ramani, unang'aa kuliko vyote, na jicho linakwenda hapo kwanza. Lakini ziwani hapo hapana kitu. Maji yanabadilika polepole kutoka nyuzi hii kwenda ile, hakuna ukingo. Ukingo umezaliwa na rangi.

Ubaya wa upinde wa mvua umejulikana siku nyingi, na si kwa wavuvi peke yao. Mwaka 2011 Michelle Borkin na wenzake, Harvard, waliwapimia watu wa tiba picha za mishipa ya moyo. Kwa picha ya kawaida, yenye pande tatu na rangi za upinde, walibaini asilimia 39 tu ya sehemu zenye dalili mbaya. Mishipa ilipolazwa bapa na kupewa rangi zenye mpangilio mzuri, walifika asilimia 91. Mishipa ileile. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema wananchi hawaelewi ramani zetu kwa sababu hawajasoma, huwa nawakumbuka wale waliosoma.

Nikachora upya kwa rangi moja, kutoka nyeupe hadi kahawia iliyokolea. Barabara ya njano ikafa. Ila palipokolea sasa pakawa ndipo penye kina. Nikajaribu kugeuza, iliyokolea iwe baridi, kikawa kilekile. Nikakubali kwamba kwa watu hawa, ukichora umbo la ziwa lao na kulipaka chochote, umechora kina, kwa sababu kina ndicho kitu wanachokitafuta maisha yao yote. Mwishowe nikaliacha ziwa jeupe na kuandika namba kubwa mahali wanapopajua: Kigoma hapa, Kirando hapa, Mpulungu kule mwisho, Zambia. Ni picha mbovu kwa mujibu wa kila kanuni niliyofundishwa, lakini iliulizwa maswali ya maana. Wa kwanza akasema, "Mpulungu mbona baridi hivi, mlipima mwezi gani?" Ulikuwa Julai. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, maji ya juu yanasukumwa kuja kaskazini, na kusini maji baridi ya chini yanapanda kuziba nafasi. Akaielezea hivyo yeye, mimi nikaitikia kwa kichwa.

Picha za vitu nilizijaribu kwa sababu zina historia. Otto Neurath alianza Vienna katika miaka ya 1920: badala ya nguzo, alama nyingi ndogo zilizofanana, kila moja ikisimamia idadi fulani. Mkewe Marie aliupeleka mtindo huo Nigeria ya Magharibi miaka ya 1950, kwenye vijitabu vya afya na kilimo, na huko ikabidi mengi yachorwe upya, maana nyumba, nguo na watu wa Ulaya havikuwa vya pale.

Mimi niliharibu kwanza. Badala ya kuongeza dagaa nikamkuza. Mwezi wa kwanza dagaa mdogo, mwezi wa pili mavuno yameongezeka mara mbili, nikamvuta samaki kwenye kompyuta akawa mrefu mara mbili, na kwa kawaida ya kompyuta akanenepa mara mbili pia. Mara mbili kwa mara mbili ni nne. Hesabu ya darasa la sita, na nina digrii. Nilijua makosa haya yapo, nimewahi kuyacheka kwenye magazeti. Lakini mwaloni hawakulisoma kama mara mbili wala mara nne. Mama muuza migebuka, samaki wakubwa kuliko dagaa, alimtazama samaki wangu mkubwa akasema, "Huyu tena si dagaa. Mwezi huo walivua mgebuka?" Watu wakaanguka kicheko. Kwao ukubwa wa samaki si wingi, ni kabila.

Nikarudi na ndoo. Ndoo moja ya picha kwa ndoo moja ya daftari la mama, nimezipanga safu kwa safu, usiku mmoja safu moja, na pembeni ya kila safu nikachora mwezi ulivyokuwa usiku huo. Hii ndiyo iliyosomwa vizuri kuliko zote, na sikuwa nimeeleza neno. Watoto walikuwa wanahesabu ndoo. Wakubwa hawakuhesabu, waliruka moja kwa moja hadi kwenye miezi, wakakuta usiku wa giza totoro wenye ndoo mbili tu. Ubishi ukalipuka. Upepo! Hapana, siku ile kulikuwa na msiba, mitumbwi haikutoka. Mama akaamua: msiba. Mimi daftari lile nimelisoma mara kumi na usiku ule niliuona kama namba iliyopotoka, nusura niufute.

Kipande kilichonishinda ni cha uhakika na mashaka. Kipo kila mahali kwenye sayansi na hatujui kukionyesha. Mwaka 2005 Gerd Gigerenzer na wenzake waliwauliza watu katika miji mitano, Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York, maana ya "uwezekano wa mvua kesho ni asilimia 30." Maana inayokusudiwa ni kwamba katika siku 10 kama kesho, mvua itanyesha kama siku tatu. Wengi Ulaya walidhani itanyesha asilimia 30 ya muda wa siku, wengine asilimia 30 ya eneo. Ni New York tu ambako wengi walikuwa wameielewa, na huko walikuwa wameizoea kwa miongo. Na Marekani hiyo hiyo, ramani za vimbunga zina umbo kama pembe inayotanuka mbele, maana yake hatujui vizuri kimbunga kitapita wapi, na watu wanaliona wanadhani kimbunga chenyewe kinanenepa.

Kwa hiyo nilipowaonyesha mstari wenye kivuli pande zote mbili sikushangaa kuambiwa kile kivuli ni povu. Mstari ni mtumbwi, kivuli ni povu lake. Mzuri sana mchoro huo, ila si nilichomaanisha.

Nikajaribu njia niliyoisoma kwenye utafiti wa mwaka 2016 wa Matthew Kay na wenzake, waliotengeneza programu ya simu ya kumwonyesha msafiri basi linaweza kufika lini, kwa vidoa badala ya mkunjo. Nikachora miduara 20: "hizi ni usiku 20 kama wa leo." Mitatu nikaitia wino mweusi: usiku wenye dhoruba. Nikauliza, unatoka? Hapo hakuna aliyeniambia "ndiyo nimeelewa." Walianza kujadiliana na karatasi. Mwenye injini mpya alisema anatoka. Mwenye mtumbwi wa kukodi alisema hatoki, kama akiupoteza atamlipa nani. Kijana mmoja akauliza hizo dhoruba tatu ni za saa ngapi, maana kama ni alfajiri yeye anakuwa amesharudi. Majibu matatu tofauti, na wote watatu walikuwa wameisoma sawasawa. Mtihani wa kuchagua A, B, C ungewakosesha wawili.

Lakini lipo jambo ambalo hakuna rangi wala ndoo inayolitibu. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilisimamishwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kila mtu mwaloni anayakumbuka majira yale kwa namna yake, na sina nia ya kuyafungulia mjadala hapa. Ninachosema ni kwamba nilipoitoa grafu ya nguzo, nguzo za kawaida kabisa za mavuno zinazopungua mwaka hadi mwaka, mtu wa kwanza hakuziangalia nguzo. Aliniangalia mimi. "Mnataka kufunga tena?"

Alikuwa amesoma. Tena alisoma haraka kuliko wote: hii inashuka, na ikishuka kuna kitu kinakuja. Nilipomuuliza nguzo ipi ni fupi kuliko zote aliinyooshea kidole bila kukosea, kisha akasema namba hizo si za kweli kwa sababu waliokuwa wanahesabu walikuwa wanaondoka saa tatu asubuhi na mitumbwi mingine inaingia saa nne. Sasa nimwandike wapi? Ameelewa? Ndiyo. Amekubali? Hapana. Na sababu yake ya kukataa ni nzuri. Mimi ningetaka kujua hilo kabla ya kuchora. Nadhani nusu ya tunayoyaita kutoelewa ni haya, lakini hatuna kisanduku cha kuyatia alama.

Nilirudi kwa mzee wa Katonga mwishoni mwa mbalamwezi ya pili, nikiwa na grafu yake nimeichora upya, kina kinashuka, maandishi yamekaa wima. Nikaamkia, nikakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, nikampa. Hakusema kitu kuhusu kuigeuza. Aliitazama kidogo, akaokota kipande cha mkaa kwenye jiko la mama anayekaanga mihogo pale, akachora mstari wa pili kando ya wangu. Ulishuka wima kama wa kwanza, lakini kona yake akaiweka chini zaidi.

"Huu wako ni wa masika," akasema. "Huu wa kusi. Kusi ikivuma, baridi huku kwetu inakwenda chini, unalazimika kuongeza kamba."

Namba za miezi yote miwili ninazo kwenye kompyuta. Sikuwahi kuziweka kwenye karatasi moja. Upepo unaosukuma maji vuguvugu kuja huku kwetu unayarundika, na kona inasukumwa chini. Mambo ya Mpulungu na mambo ya Katonga ni jambo moja, limeshikwa ncha mbili, na nilikuwa nimelichora kwenye faili mbili tofauti.

Nikamwambia nitaichora yote miwili. Akawa ameshahamia kwenye jingine. Alikuwa anasogeza kidole kwenye maandishi madogo ya chini ya karatasi, ambayo hata mimi huwa siyasomi, akitafuta kitu.

"Mlipima wapi hapa?"

Nikamwonyesha, mbele ya mji, nje kidogo ya bandari.

"Huko hatuvui." Akanirudishia karatasi, akajipangusa mkaa kwenye suruali. "Jumamosi giza linaanza. Njoo na hicho kipimajoto chako, na kamba ndefu. Na uvae koti."

Nimeazima koti la kaka yangu. Kamba nimeinunua Mwanga sokoni, mita 150, na sasa hivi naitia alama ya rangi kila mita 10, nyekundu kwa kila ya tano, ila mama amepita akaniuliza nyekundu hiyo ni ya hatari gani.